Kutoka Meza ya Maabara hadi Dripu ya Mgonjwa: Mwongozo Kamili wa Kuifikisha Sokoni Dawa ya Chembe za Nano za Polima Asilia

Paklitakseli ni dawa ya saratani iliyotolewa kwenye magome ya mti uitwao Taxus brevifolia, unaoota magharibi mwa Marekani. Inaua seli za saratani vizuri, ila haiyeyuki kwenye maji. Ilipopata kibali Marekani Desemba 1992, ilikuwa imeyeyushwa kwenye ethanoli na Cremophor EL, kimiminika kizito kinachotengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo. Mfamasia yeyote aliyewahi kuiandaa anaujua usumbufu wake. Mgonjwa anachomwa kwanza deksamethasoni na dawa nyingine za kuzuia mzio. Mfuko na mpira wa dripu wa PVC ya kawaida haufai, kwa sababu Cremophor inachomoa kemikali za kulainishia plastiki na kuziingiza mwilini. Lazima pawe na kichujio njiani. Kisha dawa inashuka taratibu, mara nyingi kwa saa 3, na muuguzi hasogei mbali dakika za mwanzo, maana wapo wanaobanwa kifua hata baada ya kinga zote hizo.

Tarehe 7 Januari 2005, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Abraxane. Ni paklitakseli ileile, safari hii imebebwa na albumini, protini ya damu ya binadamu, katika chembe zenye wastani wa nanomita 130 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Inaingia kwa dakika 30 kwenye dripu ya kawaida, na kwa wagonjwa wengi haihitaji zile sindano za kuzuia mzio.

Nimeichagua dawa hii iwe mfano wetu kwa sababu ni dawa ya polima asilia iliyopita njia nzima, kutoka hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) hadi wodini, na hatua zake nyingi ziko wazi kwa anayetaka kuzisoma. Polima asilia ni molekuli ndefu zinazotengenezwa na viumbe hai: albumini na jelatini, kitosani ya maganda ya kamba na kaa, alijineti ya mwani wa kahawia, asidi ya hialuroni. Nimeandika kwa ajili ya mtafiti ambaye tayari ana chembe zinazofanya kazi na sasa anauliza nini kinafuata. Mimi ni mfamasia wa uundaji wa dawa, na nimeona swali hilo likiulizwa kwa kuchelewa mara nyingi mno. Mambo mengi yanayoamua kama dawa itafika sokoni huamuliwa katika miezi ya mwanzo, watu wakidhani bado wanajaribu tu.

Hatua ya 1: Andika mzigo utakaomtua mgonjwa

Kabla ya kupima chembe hata moja, andika sentensi hii: mgonjwa gani, anateswa na nini kwenye dawa iliyopo, na chembe zangu zitamwondolea kipi. Sentensi ya Abraxane ilikuwa fupi: tuondoe Cremophor. Faida nyingi zilizofuata zilitoka hapo. Muda wa dripu ulipungua. Kipimo kilipanda, kwa sababu sumu ya kibebeo haikuwepo tena: jaribio kubwa la saratani ya matiti lililinganisha miligramu 260 kwa kila mita ya mraba ya mwili na miligramu 175 za dawa ya zamani.

Watafiti wengi huanza na sentensi nyingine kabisa, kwamba chembe zao zitaujua uvimbe na kwenda huko zenyewe. Nawasihi muwe waangalifu nayo. Kwa panya, uvimbe hukua haraka, mishipa yake inavuja, na chembe hupenya. Kwa binadamu mambo hutofautiana kutoka mtu hadi mtu, hata kutoka uvimbe hadi uvimbe ndani ya mtu mmoja. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za wanyama uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba kiasi cha kati cha dozi ya chembe kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7. Hata Abraxane, ikishaingia kwenye damu, chembe zake huachana upesi na kubaki albumini iliyobeba dawa. Kazi kubwa ya chembe ni kuifikisha dawa kwenye mshipa bila kutengenezea chenye sumu.

Kampuni ya BIND Therapeutics ilianzishwa Marekani mwaka 2006 na wanasayansi wakubwa, Robert Langer na Omid Farokhzad. Dawa yake, BIND-014, ilikuwa dosetakseli, dawa ya saratani ya jamii ya paklitakseli, ndani ya polima inayooza mwilini, yenye molekuli za kuitafuta protini fulani kwenye seli za saratani. Sayansi yake ilikuwa nzuri na machapisho yalipendeza. Mwaka 2016 kampuni iliomba kinga ya kufilisika, na mali yake ikanunuliwa na Pfizer kwa takriban dola milioni 40. Matokeo kwa wagonjwa hayakuwa na nguvu ya kuibeba. Sisemi mbinu ya kulenga haifai. Ninachosema ni kwamba kila kipande unachokiongeza juu ya chembe ni kitu kingine cha kutengeneza, kupima na kutetea mbele ya mkaguzi, kwa hiyo lazima kiwe kinamlipa mgonjwa.

Hatua ya 2: Chagua polima kwa macho ya mkaguzi

Albumini ina sifa nzuri kabla hata hujaigusa. Damu ya mtu mzima ina gramu 35 hadi 50 za albumini kwa lita, na madaktari wameichoma wagonjwa kwa miongo mingi. Ile ya hospitali hupashwa joto la nyuzi 60 kwa saa 10 kuua virusi, huku ikilindwa isiharibike kwa kaprileti na asetiltriptofani. Vilindaji hivyo vinabaki ndani yake, kwa hiyo jua vipo kwenye mchanganyiko wako. Gharama yake ni kwamba inatoka kwa watu: unahitaji historia ya uchangiaji damu na vipimo vya virusi, na karatasi ya dawa italazimika kutaja hatari hiyo hata kama ni ndogo sana.

Kitosani inavutia zaidi kwetu watu wa pwani, kwa sababu maganda ya kamba tunayatupa. Ila fikiri inapokwenda. Kitosani huyeyuka kwenye asidi, pH ya chini ya takriban 6.5, na damu ina 7.4. Isitoshe, kitosani hugandisha damu. Ndiyo maana imetumika vizuri kwenye vitambaa vya kuzuia damu kutoka kwenye majeraha, na sifa hiyohiyo ni hatari ukiipeleka kwenye mshipa. Mimi ningeipeleka puani, machoni, mdomoni au kwenye kidonda, mahali ambapo tabia yake ya kung'ang'ania utando wa ute ni msaada.

Tatizo kubwa la polima asilia ni kwamba kiumbe hai hakifuati kipimo. Wakati mmoja tuliagiza kitosani mara mbili kutoka kwa msambazaji mmoja, lebo zinafanana neno kwa neno. Mzigo wa kwanza ulitupa chembe za nanomita 180, maji yakiwa na weupe wa samawati kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Mzigo wa pili ulitoa mabonge yaliyozama chini ya bika. Tulihangaika miezi miwili tukilaumu mikono yetu. Mwishowe tulipima mnato wa malighafi zote mbili na kukuta tofauti yake ni zaidi ya mara mbili. Cheti kilikuwa kinasema tu "mnato wa chini hadi wa kati".

Kwa hiyo usinunue polima kwa jina. Dai kwa maandishi:

- wastani wa uzito wa molekuli na mtawanyiko wake
- mnato katika mkusanyiko na joto lililotajwa
- kwa kitosani, kiwango cha vikundi vya asetili vilivyoondolewa
- mabaki ya protini, metali nzito na endotoksini (vipande vya bakteria vinavyoleta homa)
- aina ya kiumbe, mahali kilipotoka, na ahadi ya kukujulisha kabla ya kubadilisha chochote

Msambazaji asiyeweza kukupa hayo anafaa kwa mafunzo ya wanafunzi. Kwa dawa, tafuta mwingine mapema.

Hatua ya 3: Linda uvumbuzi kabla hujafungua mdomo

Katika nchi nyingi uvumbuzi ulioonyeshwa hadharani kabla ya kuombewa hataza hauhesabiki kuwa mpya. Marekani inatoa muda wa neema wa miezi 12 kwa mvumbuzi mwenyewe, lakini Ulaya haina msamaha wa namna hiyo. Muhtasari wa mkutano, bango la ukutani, hata tasnifu iliyowekwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo, vyote vinaweza kuhesabiwa kuwa umetangaza. Namjua mwenzangu aliyepoteza nafasi ya Ulaya kwa muhtasari wa mistari kumi na tano.

Kuomba hataza Tanzania Bara unaanzia kwa wakala wa usajili, BRELA, Kenya ni taasisi ya KIPI, na ARIPO, shirika la kikanda la Afrika lenye makao Harare, inapokea maombi ya nchi wanachama kwa pamoja. Ukishaweka ombi la kwanza una miezi 12 ya kuingia kwenye mkataba wa kimataifa wa PCT, na kwa kawaida hadi miezi 30 tangu tarehe ile ya kwanza kabla ya kulipia nchi mojamoja. Tumia muda huo kukamilisha takwimu. Na hataza ya namna ya kutengeneza, pamoja na mipaka ya ukubwa wa chembe, mara nyingi ina thamani kuliko ile ya wazo.

Hatua ya 4: Pima kwa zaidi ya chombo kimoja

Chombo cha kupima chembe kwa mtawanyiko wa mwanga kipo karibu kila maabara na hutoa jibu kwa dakika chache, ndiyo maana watu hukiamini kupita kiasi. Kwa chembe ndogo, mwanga unaotawanywa huongezeka kwa kipeo cha sita cha kipenyo. Chembe ya nanomita 300 inang'aa takriban mara 700 kuliko ya nanomita 100. Hapo chembe chache kubwa zinaweza kuufunika umati wa ndogo, na ukiongeza maji kwenye sampuli zinaweza kuachana, ukapata picha safi ambayo haimo kwenye chupa. Hakikisha kwa hadubini ya elektroni yenye kugandisha sampuli, na kwa njia inayotenganisha chembe kwa ukubwa kabla ya kuzipima. Toa taarifa ya mkia wa chembe kubwa, yaani ukubwa ambao asilimia 90 ya chembe ziko chini yake. Wastani peke yake haumwambii mtu jambo la maana.

Jambo la pili ni kujua dawa iko wapi. Ndani ya chupa kuna dawa iliyo ndani ya chembe, iliyoshikana na polima iliyo huru, na iliyo peke yake majini. Zitenganishe zote tatu, ndani ya maji ya chumvi na ndani ya plazima ya damu. Utakapokutana na mkaguzi ataliuliza swali hili kabla ya mengine mengi.

Hatua ya 5: Kuza kipimo, polepole na mapema

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi mizuri inapokufia.

Kwenye bika ya mililita 20, koroga ya sumaku inazunguka, unadondoshea kitosani suluhisho la tripolifosfeti, chumvi inayoiunganisha kitosani, kwa sindano, na chembe zinajitengeneza mbele ya macho yako. Kinachoamua ukubwa wake ni jinsi vimiminika viwili vilivyokutana kwa haraka. Kwenye pipa la lita 50, tone linaloanguka juu linachukua muda mrefu kufika chini, na sehemu moja ya pipa inapata tripolifosfeti nyingi kabla ya nyingine kuonja. Huwezi kulitatua hilo kwa kukoroga kwa nguvu zaidi. Achana na bika mapema, uhamie kwenye njia ambamo mikondo miwili inakutana ndani ya mrija mwembamba kwa kasi unayoipanga kwa pampu. Ukitaka dawa zaidi unaendesha kwa muda mrefu zaidi au unaongeza mirija, na makutano yanabaki yaleyale.

Abraxane ilikwenda njia nyingine, na inafaa kuifuata kwa makini. Paklitakseli inayeyushwa kwenye kloroformu. Inachanganywa na maji yenye albumini kupata mchanganyiko mbichi wa matone. Mchanganyiko huo unasukumwa kwa shinikizo la mamia ya baa kupitia upenyo mwembamba, tena na tena, hadi matone yawe madogo sana. Albumini inajipanga juu ya uso wa kila tone na kulifunika. Kisha kloroformu inavutwa nje kwa ombwe, na chembe ngumu zinabaki zikielea majini. Katika mifano ya hataza za awali, kuongeza ethanoli kidogo kwenye kloroformu kulisaidia kupata chembe ndogo za kutosha kupita kwenye kichujio.

Kichujio hicho ndicho mlango wenyewe. Dawa ya mshipani lazima iwe tasa, na huwezi kuichemsha, maana joto litaiganda albumini kama ute wa yai. Inabaki kuichuja kwenye matundu ya mikromita 0.22, yaani nanomita 220. Wastani wa nanomita 130 unapita. Mkia je? Nimewahi kusimama mbele ya kichujio kama hicho na bechi yetu ya kwanza ya lita 5. Lita ya kwanza ilipita, sindano ya geji ya shinikizo imetulia. Katikati ya lita ya pili ikaanza kupanda, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi. Lita ya tatu tukasimamisha pampu. Utando ulipofunguliwa ulikuwa na tabaka jeupe, laini kama krimu, na tulipopima kilichopita tukakuta karibu robo ya dawa imebaki kwenye kichujio. Kwenye bika wastani wetu ulikuwa mzuri na hakuna aliyeangalia mkia. Tangu siku ile huchuja kila bechi ya majaribio, hata ya mililita 50, na kuandika shinikizo mwanzo na mwisho. Nakuomba ufanye hivyo kabla hujachapisha chochote.

Baada ya kuchuja kunakuja kukausha kwa kugandisha. Albumini hujilinda yenyewe vizuri. Kitosani na alijineti huhitaji sukari kama trehalosi ili chembe zisibanane barafu inapoondoka. Keki nzuri ni nyeupe, imesimama wima kwenye chupa, na inarudi majini bila kutikiswa kwa nguvu. Pima ukubwa kabla ya kukausha na baada ya kurudisha majini. Ukiona umepanda, rudi kwenye sukari na kasi ya kugandisha.

Usisahau mabaki ya vimumunyisho. Mwongozo wa kimataifa wa ICH unaruhusu sehemu 60 tu kwa milioni za kloroformu, 600 za diklorometheni, na 5,000 za ethanoli au asetoni. Kama kuna namna ya kutumia ethanoli, itumie leo. Kubadilisha kimumunyisho baada ya majaribio ya wagonjwa ni kama kuanza dawa nyingine.

Lipo pia swali la vitu vipi visiguswe. Orodhesha sifa zinazomgusa mgonjwa, kisha tafuta kila moja inaharibiwa na nini kwenye mashine: shinikizo, idadi ya mizunguko, joto, kasi ya ombwe. Sukuma kila moja juu na chini hadi bechi iharibike. Bechi zilizoharibika kwa makusudi ndizo zitakazokuonyesha mipaka yako, na mkaguzi anaziheshimu. Ukimaliza hapo tafuta kiwanda chenye leseni ya dawa tasa. Hakuna sababu ya kujenga chako mapema hivi.

Hatua ya 6: Usafi na kukaa kwenye rafu

Endotoksini ni vipande vya bakteria vinavyobaki hata bakteria wakifa, na vinaleta homa na mshtuko. Polima asilia hupenda kuvibeba. Kiwango cha kawaida kwa dawa ya mshipani ni yuniti 5 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, lakini kwa dawa inayopimwa kwa mita ya mraba ya mwili, kama hii, ni yuniti 100 kwa mita ya mraba. Fanya hesabu na mimi. Mwili wa mgonjwa wa kilo 60 una takriban mita za mraba 1.6, hivyo anaruhusiwa yuniti 160, na kwa miligramu 260 anapata kama miligramu 416 za paklitakseli. Kila chupa ya Abraxane ina miligramu 100 za paklitakseli na takriban 900 za albumini, kwa hiyo ameingiziwa karibu gramu 3.7 za albumini ndani ya nusu saa. Gawanya: polima haiwezi kuwa na zaidi ya takriban yuniti 43 kwa gramu, hata kama kila kitu kingine ni safi kabisa. Fanya hesabu hiyo kwa polima yako kabla ya kuinunua. Na kumbuka ukungu wa chembe unaweza kukidanganya kipimo, kwa hiyo ongeza endotoksini ya kiasi kinachojulikana kwenye sampuli uone kama inasomeka yote.

Kwa uhai wa rafuni, vyumba vya kawaida vya kupimia ni nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, na vya kuharakisha ni nyuzi 40 na asilimia 75 kwa miezi 6. Kwa nchi zetu za joto panga toka mwanzo nyuzi 30 na asilimia 65 au 75. Abraxane ya unga hukaa nyuzi 20 hadi 25, bila friji. Kwa hospitali ya wilaya ambayo umeme unakatika, sifa hiyo ina uzito kuliko maelezo yoyote ya kisayansi kuhusu chembe.

Hatua ya 7: Wanyama

Fanya majaribio ya sumu kwa maabara inayofuata kanuni za GLP, yaani za utendaji bora wa maabara, ukitumia bechi iliyotengenezwa kwa njia utakayoitumia kwa binadamu. Angalia ini na wengu, ndiko chembe zinakokamatwa. Pima kama zinaamsha mfumo wa komplimenti wa damu, ambao ni sehemu ya kinga ya mwili. Kwa albumini ya binadamu kuna mtego: kwa mbwa au panya ni protini ngeni, inaweza kuleta mzio mkali ambao hautatokea kwa mgonjwa. Jadili na mamlaka kabla ya kuchagua mnyama.

Maabara ya Nanotechnology Characterization Laboratory, iliyoanzishwa mwaka 2004 huko Frederick, Maryland, chini ya taasisi ya saratani ya Marekani, imechapisha taratibu za kupima chembe hizi hatua kwa hatua. Zisome hata kama hutatuma sampuli yako huko.

Hatua ya 8: Njia ya kisheria na majaribio kwa binadamu

Kama dawa iliyo ndani ya chembe imeshaidhinishwa, usianze kana kwamba haijulikani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 ilifungua njia iitwayo 505(b)(2), inayokuruhusu kuegemea matokeo ya usalama ya dawa ya awali na kuleta yako yanayohusu tofauti. Abraxane ilipita huko. Omba kikao na mamlaka kabla ya majaribio, na uende na maswali ya kuchagua upande: tunapendekeza hivi kwa sababu hizi, mnakubali? FDA ilitoa mwongozo wake wa mwisho kuhusu bidhaa zenye nano Aprili 2022, na unasomeka vizuri.

Jaribio la kwanza la Abraxane kwa binadamu lilikuta kipimo cha juu kinachovumilika ni miligramu 300 kwa mita ya mraba. Jaribio la awamu ya tatu lilitibu wagonjwa 454 wa saratani ya matiti iliyosambaa. Waliopata nafuu ya kupimika walikuwa asilimia 33, dhidi ya 19 kwa dawa ya zamani. Upungufu mkubwa kabisa wa chembe nyeupe za damu ulikuwa asilimia 9 dhidi ya 22. Lakini ganzi na maumivu makali ya neva yaliwapata asilimia 10, dhidi ya 2. Hii ya mwisho waambie wagonjwa na madaktari bila kuificha: kibebeo kilipoacha kuwa kikwazo, kipimo kilipanda, na dawa yenyewe ikaonyesha makali yake.

Jaribio si lazima liwe kubwa kila mara. Novemba 2021 FDA iliidhinisha Fyarro, dawa ya sirolimasi kwenye albumini kwa teknolojia ileile, kwa uvimbe adimu sana uitwao PEComa. Tathmini ilitegemea wagonjwa 31, na asilimia 39 kati yao uvimbe ulipungua vya kutosha. Kwa kikundi chenye fedha kidogo, ugonjwa adimu usio na dawa unaweza kuwa mlango wa kuingilia.

Kwa upande wetu, jaribio Tanzania linahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa. Kenya utaenda kwa mamlaka ya dawa, Pharmacy and Poisons Board, pamoja na kamati ya maadili inayotambuliwa. TMDA ilifikia kiwango cha tatu cha ukomavu cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, ya kwanza Afrika, kwa hiyo usiingie na jalada pungufu ukidhani litapita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mpango wa tathmini ya pamoja tangu 2012: jalada moja linasomwa na wataalamu wa nchi kadhaa.

Hatua ya 9: Nani atalipa

Ada ya ombi la dawa mpya lenye takwimu za wagonjwa FDA imepita dola milioni 4, ingawa dawa za magonjwa adimu husamehewa na kampuni ndogo zinaweza kuomba msamaha kwa ombi la kwanza. Hiyo ni ada tu. Wengi huishia kutafuta mbia baada ya awamu ya kwanza au ya pili. Celgene ilikubali kuinunua Abraxis, mwenye Abraxane, mwaka 2010 kwa takriban dola bilioni 2.9, miaka mitano baada ya kibali.

Kibali cha mamlaka hakimlazimishi mtu kulipa. Kwa saratani ya kongosho, jaribio la wagonjwa 861 lilionyesha nusu ya waliopewa Abraxane pamoja na jemsitabini, dawa nyingine ya saratani, wakiishi miezi 8.5, dhidi ya 6.7 kwa jemsitabini peke yake, na Marekani ikaidhinisha matumizi hayo Septemba 2013. Uingereza, taasisi ya NICE, inayopima kama dawa inastahili kulipiwa, ilikataa mwaka 2015 kwamba thamani haitoshelezi bei, kisha ikakubali mwaka 2017. Mchumi wa afya aingie kwenye timu wakati wa kupanga jaribio, ili muda wa kitanda, sindano zilizookolewa na saa za muuguzi vihesabiwe. Na uwe na chanzo cha pili cha polima na cha chupa. Mwaka 2021 hospitali za Marekani zilikosa Abraxane kwa sababu ya matatizo ya uzalishaji. Madaktari walilazimika kupanga nani apewe kwanza.

Hatua ya 10: Mikono ya wodini

Dawa uliyoihangaikia miaka kumi itaishia mikononi mwa mtu mwenye foleni. Andika maelekezo yake ukiwa umesimama naye, uone anavyofanya. Kwanza kabisa, jina: paklitakseli ya albumini haibadilishwi na ya kawaida, vipimo vyake ni tofauti, na kosa hilo linaweza kuua. Liandike kubwa kwenye lebo na kwenye mfumo wa kuagiza dawa.

Halafu kuiandaa. Mililita 20 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 zinaingizwa kwa angalau dakika 1, sindano ikielekezwa kwenye ukuta wa ndani wa chupa, maji yasipige keki moja kwa moja. Chupa inaachwa itulie angalau dakika 5 ili unga ulowe. Kisha inazungushwa au kupinduliwa polepole angalau dakika 2, hadi iwe kama maziwa, bila punje zinazoonekana. Mwenye haraka ataitikisa, na itatoa povu. Ikitoa povu au mabonge, iwekwe mezani dakika 15, hadi povu lishuke.